Blanketi la Mtihani

Ghala la madawati la chuo cha mji lilikuwa limepandishwa cheo na kuwa selo, na mfungwa wake mtukufu alikuwa mto uliovalishwa kofia. Kila mwanafunzi wa kozi ya uaskari magereza alipewa dakika tano kutafuta vitu vitano vilivyofichwa humo. Aliyekosa hata kimoja alirudia mwaka.

Masalu, aliyewahi kulala miaka miwili katika selo ya kweli, alipata vinne upesi.

"Mwenyeji huyo! Anapekua kwake!" wenzake waliokuwa wakitazama wakaangua kicheko.

Ilipobaki dakika moja, Masalu akaacha kutafuta. Akaanza kulikunja blanketi alilolivuruga, pembe kwa pembe, kisha akaurudishia mto kofia yake.

"Masalu, muda unakwisha!" akafoka mwalimu Tungaraza, askari jela mstaafu.

"Najua, afande. Lakini huyu atalala hapa leo."

Mwalimu akalitazama blanketi, kalamu ikiwa juu ya karatasi ya alama. Hakuandika kitu. Akachomoa funguo kiunoni, akamkabidhi Masalu. "Shika, askari."

Masalu akatoka, akasimama nje ya mlango wa selo, funguo mkononi, asijue kama aufunge, yeye aliyefungiwa miaka miwili.