Nati za Mwisho

Siku Kombo alipofariki, gari lake la spoti liliachwa uani juu ya matofali. Alikuwa akifunga stabilaiza mpya, chuma kinene cha kulizuia gari lisilale kwenye kona.

Eda ilipokwisha, mkewe Sharifa alivaa ovaroli ya marehemu, akaingia uvunguni.

"Liuze, shemeji," alisema Mbaruku, mdogo wa Kombo. "Hata kulitoa getini huwezi."

"Nitajifunza. Nipe spana."

Walipoifunga stabilaiza na kulishusha gari kwenye matofali, zilibaki nati za mwisho. Kombo alizoea kuzikaza gari likiwa limebeba uzito wa dereva wake.

"Kaa kwenye usukani, shemeji, nikaze," alisema Sharifa.

Mbaruku aliichukua spana mkononi mwa Sharifa. "Kaa wewe. Dereva ni wewe."

Sharifa alikaa. Pedali zilikuwa mbali na miguu yake. Alikivuta kiti mbele, na mpaka leo kiko hapohapo.