Mlangoni, Hatua ya Tisa

Siku hizo michezo ya skrini haikuchezwa tena kwa vidole. Mchezaji alijifunga utepe kichwani, na kikaragosi kiliruka pale tu moyo wake ulipotaka kweli kwenda.

Kazi ya Mwajabu ilikuwa kuijaribu kabla haijauzwa. Huu mpya ulimkosha: kuruka kutoka jukwaa hadi jukwaa kulikuwa raha tupu, mawingu yakibonyea kama godoro. Aliyasifu hayo yote, kisha akaandika kasoro moja: "Hatua ya tisa, ile inayojengwa kwa picha za nyumba ya mchezaji, kikaragosi kinagoma mlangoni. Nimejaribu mara arobaini. Rekebisheni."

Majibu ya watengenezaji yalikuja wakati wa chai. Mumewe, Makungu, aliyezoea kumsomea barua zake, akafungua.

"'Dada Mwajabu, asante. Tumekagua, hakuna hitilafu. Kwa wengine wote kinaingia ndani mbio. Kinagoma pale tu...'" Akaimalizia kimoyomoyo.

"Wanasemaje?" Mwajabu aliuliza.

Makungu aliwasha skrini. Kikaragosi kilikuwa palepale, kimeupa mgongo mlango wa buluu ambao Makungu aliupaka rangi mwenyewe mwaka walipooana. Akauchukua utepe, akamfunga mkewe kichwani taratibu, kisha akavuta kiti karibu.

"Jaribu tena, mama Tunu," alisema. "Safari hii nipo, naangalia."