Kidonge cha Kidawa

Saa mbili na robo asubuhi, tundu la sindano kidoleni mwa Kidawa liliacha kutoa damu kabla muuguzi hajaleta pamba. La mwezi uliopita lilimrowesha kanga.

"Damu imekuwa nzito, Bi Kidawa. Itaganda kwenye ile valvu ya chuma moyoni. Vidonge vya kuizuia isigande unameza?"

"Nnameza."

"Nnampa mwenyewe kila magharibi," mama mkwe wake, aliyekaa ubavuni pake, alidakia. "Mtoto tu ndiye hatupi. Shaabani mwanangu anaoa mwengine."

Daktari alishamwonya Kidawa asishike mimba akiwa anameza vidonge vile, kwani humdhuru mtoto tumboni.

Muuguzi alimpa kidonge na maji. "Meza hapa hapa."

Kidawa alikunywa maji yote.

"Haya, fungua kinywa nione."

Kidawa alifumba midomo.

"Kashameza huyu," mama mkwe alisema, akamshika mkono, akamwinua.