Pampu ya Kimamba

Beda aliiweka pampu ya maji mezani, kisha akaisukuma mbali kwa kidole kama mtu aliyepakuliwa chakula kilicholala.

"Hii sifungi, Mzee Kasian. Niandikie barua tuagize halisi."

Kasian, fundi wa kijiji, aliendelea kufuta spana yake.

Landrova ya kijiji, gari pekee la kuwafikisha Kilosa, ilikuwa imechemka Jumamosi kwenye barabara ya Mikumi, ikavutwa kwa trekta hadi hapa karakanani. Pampu imekwisha kabisa. Halisi ingeagizwa Dar es Salaam, ije kwa treni. Wiki tatu, pengine sita, maana mwaka ule wa 1976 hata wenye maduka ya spea walikuwa wakisubiri. Hii iliyokuwa mezani ilichongwa na Lazaro, fundi wa shamba la mkonge Kimamba, kwa vyuma vya mashine mbovu. Kamati ya kijiji ilikuwa tayari kununua moja tu, na kwa kuwa wanakamati wale ni hodari wa kukwepa lawama, waliamua dereva na fundi wakubaliane wenyewe.

Dereva ndiye Beda. Na nyumbani, mkewe Fausta alikuwa na mimba ya miezi minane. Uzazi wa kwanza walimpoteza mtoto, na mganga wa hospitali ya Kilosa alimwonya Fausta kwamba safari hii asithubutu kuzalia nyumbani. Siku zile Beda hakuwa na raha. Kila akifumba macho alimwona mkewe ndani ya gari, uchungu umeshika, mvuke unafuka kwenye boneti, na hakuna nyumba mbele wala nyuma.

Hofu yake haikuwa ya bure. Nyuma ya karakana kulikuwa na kaburi la Verdiana, mke wa Kasian, lenye msalaba wa mbao ulioandikwa kwa rangi nyeupe: 6 Aprili 1974. Beda hakumkuta, yeye aliletwa kijijini baadaye, na ile operesheni ya kuhamia vijijini. Lakini ukiwauliza wenyeji mama yule alikufa na nini, walikujibu kwa sauti ya chini: uzazi, na pampu ya gari. Hawakuongeza neno, na Beda hakuona haja ya kuuliza zaidi.

Kasian akasema Lazaro ana mkono mzuri. Pampu hii ingekwenda Kilosa na kurudi mara kumi, na ikichoka angechonga nyingine. Waifunge leo leo, kabla ya jua kuzama.

Beda alimtazama kwa mashaka. Walisema zamani mzee huyu alikuwa mgumu kuliko mafundi wote wa wilaya. Kwake ilikuwa spea halisi, ama gari lilale. Leo amepatwa na nini? Wazo baya likamjia kwamba huenda Lazaro amempa chochote.

"Nisamehe, mzee wangu," alisema. "Wewe ndiye wa kuniambia nifunge ya kuchonga? Na mama amelala hapo nyuma?"

Kasian akaweka spana chini. Macho yalimjaa machozi, wala hakuyafuta. Alinyoosha mkono rafuni akashusha boksi kuukuu la karatasi ngumu, lile alilowekea misumari, akaimwaga misumari yote mezani. Kisha akaligeuza upande wenye karatasi ya reli, ambayo gundi yake ilikuwa bado imeshika.

"Soma, mwanangu."

Beda akasoma polepole. Pampu ya maji ya Landrova, halisi, kutoka Dar es Salaam. Imepokelewa stesheni ya Kilosa, 10 Aprili 1974.

"Gari lilikuwa juu ya matofali, hapo hapo uliposimama," Kasian alisema. "Na ya Lazaro ilikaa mezani hapa wiki tatu. Mimi niliikataa."