Pruitt Lazima Aondoke

Wendell Stroud, meneja wa timu ya besiboli ya Kambare, alikuwa amejibanza nyuma ya mashine ya bisi akimchungulia mpigaji wake bora. Mtu mzima, kitambi mbele, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Muuza bisi alimzunguka kila alipotaka kuchukua chumvi, wala hakuuliza kitu.

Mpigaji huyo, Travis Pruitt, alikuwa ameegemea dirisha la tiketi. Ndani ya dirisha alikaa Corinne, binti pekee wa Wendell, na Corinne alikuwa akicheka mpaka anajishika mbavu. Hapo ndipo Wendell alipopandwa na homa. Pruitt aliweza kupiga mpira ukavuka uzio na kupotelea kwenye mahindi ya jirani, lakini tangu azaliwe hakuwahi kusema jambo la kuchekesha. Hata sasa alionekana hajui kinachochekwa.

"Huyu lazima aondoke," Wendell alimwambia msaidizi wake, Orville, walipokutana ofisini.

Orville aliweka soseji yake chini. Alimkumbusha kwamba msimu uko katikati, wako nafasi ya pili, na aliyewafikisha hapo ni Pruitt. Mtoe huyo, alisema, na waliobaki hawawezi kupiga hata nzi kwa gazeti.

Wendell hakutaka kusikia. Yeye mwenyewe aliucheza mchezo huu ujanani, akamzungusha mkewe Bernice miji yote ya Iowa na Nebraska kwa basi linalochemka, wakila maharage ya kopo na kulala kwenye vyumba vya kando ya barabara ambavyo wenyeji wake walikuwa mende. Alishaapa kwamba Corinne ataolewa na daktari wa meno, au hata wa mifugo, mradi awe mtu anayelala kwake.

Akampigia simu meneja wa Bata, timu ya mji wa Tolley, upande wa pili wa jimbo. Muda wa kubadilishana wachezaji ulikuwa unaisha kesho yake. Yule bwana aliposikia jina la Pruitt alishusha sauti, kama mtu aliyeokota kitu njiani na anatazama nyuma asije mwenyewe akatokea. Kisha akasema yuko tayari kuwatoa warushaji wawili, vijana, mikono kama manati. Orville, aliyekuwa amebandika sikio kwenye simu hiyo hiyo, nusura alie. Timu ilikuwa na njaa ya warushaji tangu majira ya kuchipua. Wendell akasema atajibu asubuhi.

Jioni, mezani, aliligusia jambo hilo juu juu huku akijipakulia viazi. Corinne akaweka uma chini.

"Baba, nakuomba. Toa mtu yeyote, Pruitt mwache."

"Kwa nini?"

"Basi tu." Akainamisha macho. "Na kama ni lazima, chukua hao warushaji. Ila usije ukaniletea yule Hanrahan."

"Hanrahan yupi? Mdakaji wao?"

"Huyo huyo. Nilikutana naye nilipokwenda kwa shangazi huko Tolley. Anajisikia, ana mdomo, halafu anatembea kama bata kwelikweli. Ukimleta hapa, baba, kazi ya tiketi naacha."

Bernice alikohoa ndani ya leso, akainuka kwenda kuongeza mahindi ambayo hakuna aliyeyaomba.

Wendell aliyatafakari hayo kitandani, akajiona ana bahati. Warushaji wawili ni vijana wawili wa kuegemea dirisha la tiketi, yaani atoe tatizo moja alete mawili. Lakini mtu ambaye binti yake hataki hata kumsikia? Akalala usingizi wa mtoto mchanga.

Kulipokucha akawakataa warushaji wote, akamtaka Hanrahan. Meneja wa Bata aliuliza tena kama amesikia vizuri. Magoti ya Hanrahan yalikuwa yamechoka, na mpira alikuwa akiupiga pale tu unapokutana na gongo kwa bahati mbaya. Wendell akashikilia hapo hapo. Orville alitoka nje, akauzunguka uwanja mzima peke yake, akizungumza na nyasi.

Pruitt alipoambiwa, aliuliza tu kama huko Tolley kuna mahali wanapouza pai nzuri. Akamuaga kila mtu kwa mkono, na alipofika kwa Corinne akamwita Karen. Wendell alitikisa kichwa: hodari wa kujificha, huyu kijana.

Mashabiki walichukia. Mama mmoja ambaye hakosi mechi alimmwagia Wendell soda kichwani, akaomba radhi, akaenda kununua nyingine akammwagia tena. Wendell alijifuta na kutembea kichwa juu. Kikombe kingekuja mwaka mwingine. Binti anaye mmoja.

Hanrahan alifika siku ya Jumamosi, kwa gari kuukuu lililofungwa bampa kwa kamba. Wendell mwenyewe alimtoa Corinne dirishani, akamshika bega, akamsihi amsalimie mgeni kwa upole, kwamba hakuna anayemlazimisha kumpenda. Alipoona binti yake anajifuta machozi, moyo ulimuuma kidogo, lakini akaukaza.

Hanrahan alishusha begi, akampa meneja wake mpya mkono bila hata kumtazama, macho yote kwa Corinne.

"Mke wangu," alisema, "baba umeshamwambia, au bado?"