Maji ya Chumba cha Mama

Bwanaheri aliipiga teke mashine ya kukausha unyevu, ikalala ubavu ikinguruma.

"Arobaini ya mama haijafika, wewe umeshaanza kumkausha!"

Hakuwa mtu wa ngumi, Bwanaheri, lakini msiba humtoa mtu alichokificha. Dada yake Mwanakombo alikuwa ameiwasha mashine tangu asubuhi, kwa sababu kuta za chumba cha marehemu zilikuwa zimeota kuvu nyeusi, na mwanawe wa miezi mitatu alilala humo akikoroma kifua. Nyumba haikuwa na chumba kingine.

"Mtoto hapumui, kaka."

"Na harufu ya mama? Nusa huo mto! Jana ilikuwepo, leo dude lako limeinywa yote."

Akachukua mchi uliokuwa mlangoni. Mwanakombo akamrukia, akamng'ata mkono mpaka meno yakafika mfupani. Bwanaheri akamtupa chini. Mwanakombo akaangukia mashine, akaikumbatia. Mchi ukashuka ukampata bega, mfupa ukalia kama ukuni mkavu. Hakuiachia.

"Piga tena," alisema, akitema damu ya kaka yake. "Ukinimaliza mimi, mtoto huyo hapo kitandani, mmalizie."

Mashine ilikuwa imezimika, tangi lake la maji iliyoyavuta hewani limepasuka, na maji yanatambaa sakafuni. Bwanaheri akayaona. Akatupa mchi, akapiga magoti, akayateka kwa viganja viwili na kuyanusa, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Hayana kitu," alisema. "Dada, hayana kitu."

 Kwa mkono uliobaki mzima Mwanakombo alikuwa akipapasa ukuta, akitafuta swichi aiwashe tena mashine.