Mashine Iliyokosa Nguvu

"Fungua mfuniko," shemeji yake alimwambia, bila hata salamu.

Risasi alifungua. Mashine ya boti ilikuwa imefungwa kwenye pipa la maji nyuma ya nyumba, na haikuwa imeguswa kwa miezi mitatu, tangu walipomzika mkewe. Shemeji huyu, kaka wa marehemu, alikuwa fundi wa mashine za boti. Siku ya mazishi alitamka mbele ya watu kwamba dada yake hakuuawa na pumu, ameuawa na mashine mbovu ya mume mzembe. Leo amekuja na boksi lake la spana kuuona huo ubovu kwa macho yake.

Risasi hakumkatalia. Naye alitaka kujua. Kama kosa ni lake, alibebe mpaka kaburini; kutojua ndiko kulikokuwa kunamla roho.

Jina la Risasi alipewa na abiria. Enzi zake hakuna boti ya kuvusha watu iliyothubutu kumpita. Mkewe, fundi cherehani, alimsema mpaka koo likamkauka. Akimwambia haraka haraka haina baraka, Risasi humjibu ngoja ngoja huumiza matumbo, kisha wote wawili hucheka. Mwaka juzi boti ya jirani yao ilipinduka kwa mwendo mkali na jirani hakurudi. Hapo kicheko kikaisha. Wiki nzima nyumba haikukalika. Halafu ghafla mkewe akanyamaza, hakumsema tena, na Risasi akashukuru kwamba mwishowe amemzoea.

Shemeji fundi alitoa plagi: kavu, na rangi yake nzuri. Alikagua propela, haikuwa na pengo. Mafuta hayakuwa na maji, na chujio lilikuwa safi. Akapima pistoni zote mbili, zikasukuma vizuri kuliko alivyotarajia kwa mashine ya umri ule. Kila alipomaliza jambo moja uso wake ulizidi kukunjamana, maana alikuja kutafuta uchafu na hakuupata.

"Nani alikuwa anakusaidia kuitunza?"

"Dada yako. Kila nikifungua, yeye ndiye anashika tochi. Alijua kila skrubu inakaa wapi."

Fundi aliweka spana chini. Akauliza ilianza lini kuchoka. Risasi alisema ni karibu miaka miwili sasa. Mkono wa gesi, ule wa kuongeza mwendo, unazunguka mpaka mwisho, lakini mashine inafika nusu ya mwendo na kugoma hapo. Yeye aliona ni uzee tu, akasema na tuzeeke pamoja. Abiria walimtania kwamba Risasi siku hizi ni jiwe la manati.

"Nieleze siku ile," fundi alisema.

Risasi alianza kuchezea kifungo cha shati lake jeupe. Mkewe alikishona kwa uzi wa kijani, kwa sababu ndio uliokuwa kwenye cherehani siku alipokishona, akamaliza na lile fundo lake la siku zote, lenye ncha mbili zilizosimama kama masikio ya sungura.

Alieleza. Pumu ilimbana mkewe mapema, na dawa ya kupuliza haikufua dafu. Hospitali iko ng'ambo. Alimkalisha sehemu ya mbele ya boti, wakitazamana, naye akakaa nyuma penye mashine. Pumzi ilikuwa haba kiasi kwamba hata neno moja halikumtoka.

"Alininyooshea mkono njia nzima, shemeji. Ananihimiza niongeze. Na mimi nimezungusha gesi mpaka mwisho. Nikamwambia naongeza, mke wangu, naongeza. Akatikisa kichwa, akaunyoosha tena. Mpaka ukaanguka."

Daktari alisema wangewahi kwa robo saa tu, angepona. Risasi alipofika kwenye hiyo robo saa alilia, mtu mzima na mvi zake, wala hakujificha.

Fundi alimwacha alie. Kisha akawasha tochi, akainamia kabureta, na kumwambia azungushe gesi mashine ikiwa imezimwa. Taratibu, mpaka mwisho. Akamwambia arudie. Akamwambia arudie tena.

"Kilango cha kabureta, kinachoipa mashine pumzi, hakifunguki chote," alisema. "Waya wako umelegea, ndiyo maana mkono unafika mwisho. Lakini huku ndani kinafika nusu, kinagota. Kuna kitu."

Risasi aliachia mkono wa gesi. Basi ni uzembe wake kweli. Kutu, au masizi, kitu ambacho mwanamume mwenye akili angekiona kwa dakika tano. Alisubiri hukumu yake kichwa chini.

Fundi alipenyeza vidole nyuma ya kabureta, akakata kitu kwa kisu, akakitoa. Hakikuwa kutu wala masizi. Kilikuwa kipande cha mpira wa kandambili, kisichozidi ukubwa wa kidole gumba, kingo zake zimekatwa kwa mkasi mkali na mkono uliozoea kunyoosha mkato. Kilikuwa kimefungwa kwa uzi uliozungushwa mara nyingi, kwa subira, ili kisilegee.

Alikipangusa grisi kwa ncha ya shati lake. Uzi ulikuwa wa kijani, na mwisho wake ulikuwa na masikio mawili.

Fundi alikitazama kile kipande, kisha akakitazama kifungo cha Risasi. Hasira yote ilimtoka usoni, akabaki mtu aliyefiwa na dada.

"Shemeji," alisema, mara ya kwanza kumwita hivyo tangu mazishi. "Ule mkono. Aliunyoosha kwako, au kwenye mashine?"